Karatasi Niliyobandika kwa Bibi

Mimi nina ulimi mkali, hilo nalijua na silifichi. Miaka kumi na tisa ya kufundisha darasa la tano itamnoa mtu yeyote. Kwa hiyo nikisema kwamba kwenye jambo hili mwenye makosa ni mimi, niaminiwe, maana si kawaida yangu kusema hivyo.

Shule yetu iko upande wa Bugarama, kando ya barabara ya vumbi ambayo magari ya mgodini hupita kutwa nzima. Watoto wengi huongea Kisukuma nyumbani, Kiswahili wanakikuta kwetu. Kusoma wanasoma, lakini kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: neno moja, anasimama, neno jingine, anasimama. Ukimuuliza alichosoma kinasema nini, anakutazama tu. Nilikuwa nimeshawagombeza, nimewabembeleza, nimewaimbisha, wapi!

Ndipo kwenye semina moja mjini Kahama kijana wa kompyuta akatuonyesha msimbo wa QR, ule mraba wa vidoti vyeusi unaoonekana siku hizi hata kwenye maduka ya mitaani. Akasema unaweza kuficha maneno humo ndani, na simu ikiuskani, maneno yanatokea hata kama huna bando. Nilikuwa nasinzia, lakini aliposema hilo la bando nikakaa vizuri. Nikaona mchezo mzima kichwani mwangu: karatasi kumi na mbili, kila moja imeficha maelekezo ya kufika kwenye nyingine, na watoto wanazisaka kwa makundi. Hapo huwezi kudanganya. Usipoelewa ulichosoma, utaishia chooni wakati wenzako wako kwenye kengele.

Mkuu wa shule alizigeuzageuza zile karatasi akasema zinafanana na barua iliyoliwa na mchwa. Ni mtu wa utani, lakini akakubali, kwa sharti kwamba kila kitu kiwe kimebandikwa Ijumaa jioni ili Jumatatu baada ya mstari wa asubuhi tusipoteze muda. Simu tulipata nne: yangu, ya kwake, ya mwalimu wa hisabati, na ya mama anayetuuzia vitumbua getini, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa lakini kamera ilikuwa nzima. Makundi manne, watoto watano watano, wale niliowaona wanahitaji zaidi. Karatasi kumi na moja zilikuwa ndani ya eneo la shule. Ya kumi na mbili niliiweka kwa bibi jirani, na hiyo ilikuwa ya kundi moja tu, kundi la nne.

Huyu bibi kwake kumepakana na shule, tumetenganishwa na ua wa minyaa tu. Kiangazi kikikaza, tunachota maji kwenye kisima chake, na hajawahi kututoza hata asante. Ana zaidi ya miaka sabini, mume alishafariki, watoto wametawanyika kwenye machimbo huko na huko. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, la kushoto likiwa baya zaidi. Alikuwa anatutambua kwa sauti. Mimi alisema ananitambua nikiwa bado darasani, kwa kugomba.

Mwezi ule madaktari wa macho walikuwa wanakuja Kahama kwa siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, wapasue watu bure kisha waende zao. Jina la bibi niliandikisha mimi mwenyewe pale zahanati. Gari lingewachukua wagonjwa Jumamosi alfajiri, mlango kwa mlango. Wiki tatu nzima bibi hakuwa na habari nyingine. Ukimpita na ndoo atakwambia anahesabu siku, kwamba akirudi atachambua mchele wake mwenyewe bila kumwita mtoto wa mtu, kwamba amechoka kula vijiwe. Nilikuwa nafurahi naye. Nasema kweli, nilikuwa nafurahi kama ni mama yangu.

Ijumaa jioni nikavuka ua na karatasi yangu ya kumi na mbili. Ndani yake nilikuwa nimeficha maneno haya: Msalimieni bibi. Muulizeni nani alichimba kisima chake. Andikeni jibu. Nikapiga hodi mara tatu, kimya. Alikuwa zahanati anapimwa presha kabla ya safari. Nikawaza, Jumatatu bibi atakuwa amesharudi, amekaa na kitambaa chake jichoni, watoto watakuja kumsalimia na kumuuliza habari za kisima cha mumewe, atafurahi. Basi nikajijibu karibu mwenyewe, nikapaka gundi, nikaibandika kwenye mwimo wa mlango na kuikandamiza kwa kiganja. Sikumwachia mtu yeyote ujumbe. Nilikuwa na haraka, nawahi basi la kwenda Maganzo kumwona mama yangu.

Sasa hapa ndipo ninapojishangaa. Mimi ni mtoto wa Maganzo, kwenye almasi. Nimekulia kati ya watu wanaoona kipande cha chupa kwenye mchanga wakakosa usingizi. Najua uvumi unavyotembea huku kwetu. Na najua, kama anavyojua kila mtu wa ukanda huu, kwamba karatasi ikibandikwa mlangoni si karatasi tu. Eneo likitakiwa na mgodi, wathamini wa fidia hupita kwanza wakibandika namba kila nyumba, halafu hurudi kuandika kilichopo: nyumba, miti, kisima, makaburi. Wanachoonyeshwa wanakiandika. Wasichoonyeshwa hakipo. Mwaka uliotangulia walipita kata ya jirani, na karatasi zao zilikuwa na mraba mweusi wa vidoti kama huu wangu. Niliziona kwa macho yangu haya, mazima, yasiyo na mtoto wa jicho wala nini.

Maganzo nilikaa hadi Jumapili jioni, na Jumatatu nikaingia shuleni moja kwa moja.

Mchezo ulikwenda vizuri mno. Dakika kumi za kwanza ilikuwa vurugu tupu, kila mtoto anataka kushika simu, kisha wakagundua kwamba simu si kitu, kitu ni kuelewa. Kundi la kwanza lilisoma maneno mkono wa kushoto likaenda kulia, likarudi, wakasomeana tena, wakaanza kubishana. Kubishana juu ya maana ya sentensi! Kuna mtoto mmoja ambaye tangu Januari hajawahi kunimalizia mstari. Siku ile wenzake walimzunguka wakimhimiza, naye akasoma mistari minne bila kusimama, kisha akanitazama kama amevunja kitu. Nilimgeuzia mgongo asiyaone machozi yangu. Mkuu naye alikuwa anazunguka nyuma ya kundi la tatu akijifanya anakagua miti, kumbe anataka kujua karatasi inayofuata iko wapi.

Makundi matatu yakamaliza. Kundi la nne, lile lililotakiwa kwenda kwa bibi, halikurudi. Nikasubiri nusu saa. Wenzao wakanywa uji wakamaliza, vikombe vikaoshwa. Nikaanza kupanga maneno ya kuwaambia, na mimi maneno yangu nikiyapanga huwa yanakaa. Wengine wanakimbia, wao wamekwenda kukaa kwa bibi kula karanga!

Wakaja baada ya saa nzima, tena wakitembea. Mbele alikuwa kiongozi wao, msichana mpole ambaye darasani humsikii, amelikumbatia daftari. Nikawauliza ni jibu gani la neno moja linalochukua saa nzima. Msichana akasema bibi aliwakataza kuondoka mpaka waandike vyote. Nikalipokea daftari kwa hasira, nikaanza kusoma huku natafuta makosa ya herufi. Waliandika kurasa mbili, zamu kwa zamu, maana miandiko ilikuwa mitano.

Nyumba moja ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, mabati ishirini na mawili. Jiko moja la nje. Kisima kimoja, amekichimba babu na shemeji yake, hakijawahi kukauka. Mikwaju miwili. Mipapai sita, minne ni ya bibi, miwili ameipanda jirani juzi, si ya bibi. Zizi moja la zamani, halina ng'ombe. Ndani ya zizi ukiingia mkono wa kulia, hatua saba, kaburi la babu. Halina saruji wala msalaba. Ukiangalia utaona ni chini tu. Bibi amesema lisisahauliwe.

Nilisoma mpaka hapo hasira yote ikanishuka miguuni. Sisi Wasukuma, wa zamani, mwenye mji akifa huzikwa zizini mwake. Ng'ombe wanapita juu yake, mvua inapita, baada ya miaka mgeni hawezi kujua. Anayejua ni wa nyumba ile, na pale mwenye kujua alikuwa amebaki mmoja. Hiyo haikuwa hadithi ya kisima. Bibi alidhani anathaminiwa.

Nikamuuliza yule msichana swali ambalo jibu lake nilikuwa tayari naliogopa. Jicho la bibi limefungwa kitambaa?

"Hapana, mwalimu," akasema. "Amesema gari lilikuja, akalirudisha."

Sikumuaga mtu, sikupanga zamu, nilivuka ua wa minyaa nikiwa na chaki mkononi. Kwa jirani wa bibi nikapita kwenye mashina ya migomba yaliyochimbiwa juzi, majani yameshanyauka, na msingi wa kibanda ulioanzwa kwa matofali kumi na kitu. Huku hiyo tunaiita kutegesha, kupanda na kujenga harakaharaka ili uhesabiwe. Jirani alikuwa anamwagilia. Alinisalimia kwa furaha, akaniuliza kama shule nayo imeshabandikwa.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwake, amevaa kitenge chake cha kanisani, miguu imeoshwa na kupakwa mafuta. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mbona leo naongea taratibu. Nikakaa chini. Akanieleza bila kuulizwa, maana alidhani nimekuja kwa ajili hiyo. Ijumaa aliporudi kutoka zahanati aliweka mkono kwenye mwimo kama anavyofanya siku zote ili aipate ngazi, mkono ukagusa karatasi. Akamwita jirani amtazamie. Jirani akasema ni wao, wathamini. Jumamosi alfajiri gari la macho likapiga honi, bibi akamwambia dereva aende.

Nilimuuliza kwa nini hakumwachia jirani awaonyeshe hao wathamini. Akacheka kidogo, akasema jirani atawaonyesha migomba yake. Kisha akanisimulia ya zamani, mahali alikoishi kwanza alipoolewa, mbali na hapa, na jina la mahali pale sitalitaja. Eneo lile lilichukuliwa. Siku wathamini walipopita yeye alikuwa msibani, kijiji cha pili, siku tatu. Walikuta zizi alimozikwa baba mkwe wake wakaandika zizi. Hawakukosea, alisema, ndicho walichokiona. Aliporudi karatasi zilikuwa zimeshafungwa, na mifupa ya mkwe wake haikuhamishwa kama ya wengine. Mumewe hakumlaumu hata siku moja, lakini alipokuwa anakufa alimwomba kitu kimoja tu, kwamba yeye asiachwe vile.

"Macho yana siku nyingine," bibi akaniambia. "Hawa huja mara moja. Nimekaa hapa siku mbili napanga nitakayowaambia. Wakaja watoto wako. Nilijua ni watoto, lakini wameniuliza, na kalamu wanayo."

Ningeweza kusema uongo. Wazo lilinijia, silifichi hilo pia. Ningeibandua ile karatasi, nikamwambia wathamini wameghairi, ingeishia hapo. Lakini alikuwa amenigeuzia uso wake wote, na yale macho meupe, nikashindwa.

"Bibi," nikasema, "ile karatasi niliibandika mimi. Ni mchezo wa watoto wangu wa darasani. Hakuna anayekuja."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, hakuna anayekuja kabisa? Nikasema hakuna. Akashusha pumzi ndefu akasema afadhali, basi mzee atalala. Halafu akauliza wale wa macho, na mimi nikasema wameondoka jana jioni, hawajasema watarudi lini.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze, kugombezwa nakujua, ningejua pa kukuweka. Alifuta magoti yake kwa viganja, akasema nirudi shuleni, anasikia watoto wanapiga kelele na mwalimu wao hayupo. Nilipokuwa naibandua ile karatasi kwa kucha, gundi imekaza kweli kweli, akaongeza kwamba lile daftari lisitupwe, litunzwe kwa mkuu. Mkuu alilifungia kwenye kabati lake la mitihani, na bado liko humo. Jirani nilipomwambia alininunia wiki mbili, akasema nimemchimbisha migomba bure.

Zahanati niliisumbua mpaka muuguzi akawa ananiona kwa mbali anaingia ndani. Kambi nyingine ya macho haikujulikana. Mimi nilikuwa na vipindi, na mitihani ya kufunga mwaka, na visingizio vingine ambavyo vyote vilikuwa vya kweli. Shule ilipofungwa Desemba nikamchukua bibi, tukapanda basi mpaka Shinyanga, tukafikia kwa shangazi yangu, asubuhi tukapanga foleni hospitali. Njia nzima nilimsomea mabango ya barabarani kwa sababu aliniomba. Alitaka kujua kila linalosema.

Daktari alikuwa kijana mtaratibu. Alimchunguza bibi muda mrefu, kisha akanitoa nje kidogo. Jicho la kulia litapasuliwa kesho, akasema, na litaona. La kushoto limeingia presha ya jicho, mshipa wa ndani umeshakufa, hata likipasuliwa halitaona kitu. Nikamuuliza kama angeletwa kwenye kambi ile ya Kahama ingekuwaje. Daktari alinitazama kwanza, nadhani aliona swali halikuwa la kawaida. Akasema huenda lingeokoka, na huenda lisingeokoka, yeye hawezi kujua na wala mtu mwingine hawezi. Nilimshukuru. Nilirudi ndani nikamwambia bibi kwamba kesho wanapasua la kulia, basi.

Siku ya kufungua kitambaa nilikuwa nimekaa kwenye kiti mbele ya kitanda chake. Muuguzi akakitoa taratibu, akamsafisha, akamwambia afumbue. Bibi akafumbua. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake mbele na nyuma, kisha akanitazama mimi, muda mrefu mpaka nikaona haya.

"Kumbe una mvi," akasema. "Kwa kelele zile nilidhani ni msichana."

Muuguzi akacheka, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Bibi akanyanyua kidole akagusa chini ya jicho la kushoto, akaniuliza, na hili linapasuliwa lini? Hakuna aliyejua nilichomuuliza daktari, ni mimi na yeye tu, na yeye alishasahau. Lakini nilikuwa nimeshabandika kitu kimoja bila kumwambia mwenyewe, sikutaka kubandika cha pili. Nikamweleza yote: presha, mshipa, kambi ya Kahama, huenda na huenda. Nikamwambia, bibi, inawezekana jicho hili nimekupotezea mimi.

Akafikiri. Akafumba lile la kulia, akakaa na giza la kushoto kidogo, akafumbua tena.

"Basi," akasema, "hili litakuwa la kulalia."

Nikacheka kwa sauti, na ndani ya kicheko kilekile nikaanza kulia, nikashindwa kunyamaza. Bibi akanishika bega, akanivuta nikaweka kichwa changu kwenye shuka lake. Muuguzi akarudi mbio kutoka upande wa pili, akasimama, akatutazama wote wawili, akauliza kwani mgonjwa hapa ni nani.